Asiyekuwapo na Lake Halipo: Uwakilishi wa Afrika Mashariki katika Mabaraza ya Mataifa, Ukitazamwa kutoka Nyanda za Buha

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii aghalabu hutumika katika mambo ya nyumbani: mgawanyo wa mirathi, kikao cha ukoo, shauri la mpaka wa shamba. Mhadhara huu unaipeleka mbali zaidi, hadi katika mabaraza ya mataifa, na kuuliza swali moja: nchi za ukanda mmoja zinapotaka kusema kama kundi mbele ya ulimwengu, ni nani husema kwa niaba yao, na ni nani aliyemtuma?

Swali hili huulizwa zaidi katika miji mikuu. Hapa litaulizwa kutoka nyanda za juu za Buha, Mkoani Kigoma, katika nchi ya Kasulu na Kibondo, na hasa kutoka Kasanda, kata iliyokuwa ya Wilaya ya Kibondo hadi Kakonko ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Kwa mtu wa Kasanda, Burundi iko karibu zaidi kuliko Kigoma mjini. Kiha anachokisema nyumbani husikilizana na Kirundi cha upande wa pili. Kwa zaidi ya miaka 100 mambo makubwa yaliyomfika yeye na majirani zake yameamuliwa Geneva, New York, Addis Ababa na Arusha. Yeye hakuwapo. Je, lake lilikuwapo?

Kiswahili kina maneno yanayosaidia kulipambanua swali hili. Wakili, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Ndilo lililozaa kitenzi kuwakilisha na nomino uwakilishi. Mjumbe ni mtu anayetumwa, na kazi yake haikamiliki mpaka arudi na jibu. Balozi, neno lililotufikia kwa njia ya Kituruki, ni mtumishi wa dola katika nchi ya kigeni. Lakini katika Tanzania, tangu miaka ya 1960, ni pia kiongozi wa nyumba kumi, mtu ambaye jirani anaweza kumgongea mlango usiku. Maneno haya matatu si visawe. Historia ya uwakilishi wa Afrika Mashariki ni historia ya kutoka katika uwakili usio na mtumaji kuelekea katika ujumbe wa kutumwa, na safari hiyo haijakamilika.

Wakili asiyetumwa

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa dola moja. Ilikuwa na falme kadhaa, zikiwamo Heru katika nchi ya Kasulu, Muhambwe katika nchi ya Kibondo, na Buyungu kaskazini yake, kila moja ikiwa na mwami wake. Majina ya Muhambwe na Buyungu yamedumu hata katika majimbo ya uchaguzi wa Bunge. Wajerumani waliitawala Buha kama sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, pamoja na Ruanda na Urundi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma mwaka 1916, yakaendelea hadi Tabora. Kwa muda wa miaka mitano hivi ukanda wa Kigoma ukawa mikononi mwa Ubelgiji.

Mwezi Mei 1919 wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, waliafikiana jinsi ya kuligawa koloni lile. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Ubelgiji. Kigoma na Buha zikaenda kwa Uingereza, na makabidhiano yakafanyika mwaka 1921. Ubelgiji haikuondoka mikono mitupu, kwani ilipewa haki ya kupitisha bidhaa zake za Kongo na Ruanda-Urundi katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, liliidhinisha mgawanyo huo kwa jina la udhamini. Kwa lugha ya sheria, watu wa nchi hizi walikuwa amana na dola zilizopewa nchi zilikuwa mawakili wao. Mstari uliokuwa mpaka wa kiutawala ndani ya koloni moja ukageuka mpaka wa dola mbili.

Tofauti ya mwenye msemaji na asiye na msemaji ilidhihirika mapema. Mgawanyo wa mwaka 1919 ulikuwa umeimega pia Gisaka, mashariki ya Ruanda, na kuwapa Waingereza waliokuwa wakiwaza njia ya reli. Mfalme Yuhi Musinga alilalamika, wamisionari Wakatoliki wakalitetea lalamiko hilo, na Tume ya Kudumu ya Udhamini mjini Geneva ikalitia maanani. Gisaka ikarudishwa Ruanda. Hiyo ilikuwa mara mojawapo adimu ambapo baraza la mataifa lilirekebisha mstari uliochorwa juu ya ramani ya nchi hizi, na lilifanya hivyo kwa sababu palikuwa na mfalme mmoja anayejulikana na watu wenye njia ya kulifikisha neno lake Ulaya. Falme za Buha hazikuwa na mfalme mmoja wala njia hiyo. Zaidi ya hayo, chini ya utaratibu wa Shirikisho, malalamiko ya wenyeji yalipaswa kupitia kwa dola ile ile iliyokuwa ikiwatawala. Wakili ndiye aliyekuwa mshitakiwa, na ndiye aliyekuwa mpeleka barua.

Umoja wa Mataifa ulipoundwa, udhamini uliendelea chini ya Baraza la Udhamini, lakini kwa badiliko lenye uzito: wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja, na ujumbe wa Baraza ulizitembelea nchi zenyewe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea Wameru walionyang'anywa ardhi. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, chama kilichokuwa hakijatimiza mwaka mmoja. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule, wala Tanganyika haikupata uhuru siku ile. Lakini kwa mara ya kwanza aliyesema alikuwa ametumwa na waliosemewa, na aliporudi aliwaeleza alichokisema na alichojibiwa. Hapo wakili alianza kumpisha mjumbe.

Kiti cha kuazima

Uhuru ulizipa nchi za Afrika Mashariki viti, lakini kila nchi chake. Kundi kama kundi halikuwa na kiti. Hii ndiyo hulka ya mabaraza ya mataifa hadi leo: wanachama wake ni dola, na jumuiya za dola huingia kwa mlango wa pembeni. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulialikwa kuwa mwangalizi katika Baraza Kuu mwaka 1965. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 ilipata nafasi kama hiyo Desemba 2003. Mwangalizi huingia ukumbini, huketi, husikiliza na huweza kupewa nafasi ya kusema. Kupiga kura hawezi. Umoja wa Ulaya ulipata haki pana zaidi katika Baraza Kuu mwaka 2011, na katika Shirika la Biashara Duniani ni mwanachama kamili. Umoja wa Afrika ulipewa kiti katika kundi la G20 mwaka 2023. Kwa Afrika Mashariki, njia ya kufikia meza yenye uamuzi imebaki kuwa kiti cha kuazima: kiti cha nchi moja mwanachama, au kiti cha bara zima.

Kuazima huku kuna mushkeli wake. Katika Baraza la Usalama Afrika ina viti vitatu visivyo vya kudumu, nazo nchi za bara hupokezana kwa kanda. Lakini kanda za Addis Ababa si kanda za Arusha. Katika hesabu za Umoja wa Afrika, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika Afrika ya Kati, ilhali Tanzania imo katika Afrika Mashariki. Katika hesabu za Arusha zote tatu ni wanachama wa jumuiya moja, Burundi tangu mwaka 2007 na Kongo tangu mwaka 2022. Basi mtu wa Kasanda na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka, ambao husikilizana bila mkalimani, ni watu wa ukanda mmoja au wa kanda mbili kulingana na ukumbi wanamozungumzwa. Tanzania yenyewe ni mwanachama wa jumuiya ya Arusha na pia wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, kwa hiyo huweza kukaa katika mkutano mmoja na kofia mbili.

Biashara imeonyesha faida na udhaifu wa kundi. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilijadiliana na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya kwa sauti moja, na Kenya, Uganda na Tanzania zikatia saini pamoja mjini Arusha mwaka 1968 na tena mwaka 1969. Miaka 40 na ushei baadaye jambo lile lile lilishindikana. Majadiliano ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya yalikamilika mwaka 2014, nchi tano zikiwa upande mmoja wa meza. Ilipofika saini, mwaka 2016, Kenya na Rwanda zilitia. Tanzania, Uganda na Burundi hazikutia. Sababu haikuwa ukaidi. Kenya pekee haikuhesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni kabisa, na bila mkataba maua na mboga zake zingetozwa ushuru Ulaya. Wenzake walikuwa na njia nyingine ya kuingiza bidhaa bila ushuru, na Tanzania ilihofia viwanda vyake vichanga. Hatimaye Kenya ilisaini mkataba wake peke yake Desemba 2023. Kundi lilikuwa na mkataba mmoja lakini halikuwa na haja moja, na msemaji hawezi kusema kwa kauli moja mambo ambayo waliomtuma hawajayapatanisha.

Mjumbe aliyetumwa

Hata hivyo upo wakati ambapo ukanda huu ulisema na mabaraza ya mataifa yakafuata, na chimbuko lake liko katika nyanda za Buha zenyewe. Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa. Mamia ya maelfu ya Warundi walivuka mpaka, wengi wao wakiingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mauaji ya mwaka 1972 yalikuwa yamewaleta wengine. Zikajengwa au kupanuliwa kambi za Mtabila na Muyovosi, za Nduta, Mtendeli na Kanembwa. Novemba 1996 ilifunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Wenyeji walioishi kwa kulima maharage, mahindi na mihogo wakajikuta wakigawana kuni, maji na masoko na watu waliowazidi idadi. Mgogoro wa nchi jirani ukawa shauri la kila mlango.

Viongozi wa ukanda hawakungoja New York. Juni 1996 walikutana Arusha. Buyoya alipotwaa madaraka mwezi Julai, walikutana tena na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara kwa uamuzi wao wenyewe. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama lilitoa azimio la kuunga mkono jitihada zao. Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa: ukanda ulitangulia, dunia ikafuata. Msuluhishi, Mwalimu Nyerere, hakuwa na cheo chochote cha serikali wakati ule. Alikuwa na ridhaa ya waliomtuma. Alipofariki Oktoba 1999, ukanda ulimchagua Nelson Mandela, naye Januari 2000 akalipeleka shauri la Burundi mbele ya Baraza la Usalama. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipeleka askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, na Juni 2004 Umoja wa Mataifa ukaupokea mzigo huo. Januari 2006, Tanzania ikiwa mwenyekiti wa Baraza la Usalama kwa zamu yake, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Asha-Rose Migiro, aliongoza kikao kuhusu Maziwa Makuu kilichopitisha azimio namba 1653. Kiti kilikuwa cha Tanzania. Neno lilikuwa la ukanda. Desemba mwaka ule, nchi 11 zilitia saini mjini Nairobi mkataba wa usalama na maendeleo wa Maziwa Makuu, na sekretarieti yake ikawekwa Bujumbura.

Mafanikio haya hayapaswi kufunika mapungufu. Vikwazo, vilivyodumu hadi Januari 1999, viliwaumiza Warundi wa kawaida kabla ya kuwafikia wakubwa. Katika mazungumzo ya Arusha pande 19 zilikaa mezani. Wakimbizi waliokuwa Kasulu na Kibondo hawakuwa upande mmojawapo, ingawa sehemu nzima ya mkataba ilihusu kurudi kwao na mashamba yao. Wengi walirudi kwa hiari tangu mwaka 2002. Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, hiari hiyo ilikuwa imekwisha kugeuka amri.

Mwaka 2015 mgogoro ulizuka upya Burundi, na safari hii ujumbe haukufua dafu. Jumuiya ilimteua Rais Museveni kuwa msuluhishi, na baadaye Benjamin Mkapa akawa mwezeshaji. Umoja wa Afrika ulitangaza kikosi cha watu 5,000, kisha ukarudi nyuma Burundi ilipokataa. Baraza la Usalama liliidhinisha polisi 228 ambao hawakupelekwa. Mazungumzo yalikwisha bila mwafaka. Tofauti na mwaka 1996 haikuwa uwezo wa Mkapa. Wakati huu Burundi ilikuwa mwanachama wa jumuiya iliyomtuma msuluhishi, na jumuiya inayoamua kwa mwafaka wa wanachama wote haiwezi kumbana mmoja wao kwa urahisi. Wala wenzake hawakuwa na msimamo mmoja. Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015 na Mtendeli Januari 2016. Watu wa Kasanda hawakuhitaji kusoma taarifa ya mkutano ili kujua matokeo yake.

Mashariki ya Kongo nako kumeonyesha hali kama hiyo. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia Novemba 2022 na kuondoka Desemba 2023, na mahali pake pakachukuliwa na kikosi cha Kusini mwa Afrika ambamo Tanzania ilikuwamo. Ilichukua hadi Februari 8, 2025 kwa jumuiya hizo mbili kukaa pamoja, jijini Dar es Salaam. Miezi michache baadaye, Juni 27, Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani mjini Washington. Ukanda ulikuwa na wajumbe wengi, lakini saini ilitiwa kwenye meza ya mwingine.

Kwa lugha gani?

Kwa wanafunzi wa Kiswahili limebaki jambo moja. Mjumbe husema na hurudi kueleza, na yote mawili huhitaji lugha. Julai 2004 Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji, akimaliza zamu yake ya uenyekiti wa Umoja wa Afrika, aliwahutubia wakuu wenzake mjini Addis Ababa kwa Kiswahili, na ukumbi ukahangaika kutafuta ukalimani. Marekebisho ya katiba ya Umoja yaliyokitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi yalikuwa yamepitishwa mwaka uliotangulia. Lugha ilikuwa imeandikwa katika karatasi lakini haikuwa na kiti ukumbini. Tangu hapo hatua zimeongezeka: Jumuiya ya Kusini mwa Afrika ilikikubali mwaka 2019, wakuu wa Afrika Mashariki waliafiki mwaka 2021 kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa, UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa siku yake, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi.

Maazimio haya ni ya fahari, lakini fahari si kazi. Huko Nyarugusu, Mkongo wa Kivu, Mrundi na Muha hununuliana dagaa na kuamuliana ugomvi kwa Kiswahili. Nyaraka zinazowahusu, kuanzia maazimio ya Baraza la Usalama hadi taarifa za mikutano ya wafadhili, huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Kinachohitajika kwanza ni kazi isiyo na shangwe: istilahi zinazokubaliwa na nchi zote, wakalimani waliofunzwa, na tafsiri inayotoka siku ile ile uamuzi unapotoka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iliundwa kwa shughuli za aina hiyo, na vyuo vikuu ndivyo vinavyopaswa kuipa wataalamu.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inatoa vigezo vitatu vya kumpima anayesema kwa niaba ya ukanda. Kwanza, awe ametumwa: wakili wa mwaka 1922 hakutumwa na mtu wa Buha, mjumbe wa mwaka 1955 alitumwa. Pili, waliomtuma wawe wamepatana kabla hajaondoka: mwaka 1996 walipatana na dunia ikawafuata, mwaka 2015 na 2016 hawakupatana, na kila mmoja akaenda njia yake. Tatu, arudi na jibu, kwa lugha ambayo aliyemtuma anaielewa. Kiti cha kuazima si aibu iwapo anayekikalia anajua ni cha nani.

Kiswahili kimekwisha kulitumia neno balozi kwa watu wawili: anayekaa New York na anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Wa pili hugongewa mlango na kuulizwa mkutano uliamua nini. Uwakilishi wa Afrika Mashariki utakuwa umekamilika siku ambayo balozi wa kwanza naye ataweza kuulizwa hivyo na mtu wa Kasanda, na kumjibu.